Aliyesingiziwa Maji

Mwanamke niliyemsingizia maji ndiye aliyenizalisha mtoto wangu wa kwanza. Alinizalishia chumbani kwangu, juu ya mkeka, asubuhi ya Jumapili, kwa sababu gari la shirika ambalo lingenipeleka hospitali lilikuwa limekwenda Dar kumchukulia meneja mchele. Alishuka ngazi mbio hata akasahau viatu. Mtoto alipokwisha kulia na mimi nimekwisha kufutwa, alipanda kwake akapika uji wa pilipili manga, akaniletea, akakaa kunitazama mpaka nikamaliza bakuli. Siku arobaini zote alikuwa akishuka kuniogeshea mtoto. Mama yangu alipokuja kutoka Mzenga akakuta mambo yako hivyo, alisema, "Huyu si jirani. Huyu ni dada yako."

Naandika haya nikijua vizuri nilichomlipa.

Tulikuwa tunakaa Mkuza, Kibaha, kwenye nyumba ya ghorofa ya shirika moja la umma. Jina lake silitaji. Lenyewe limekwisha kufa, na watoto wa waliolila bado hunisalimia njiani. Nyumba ilikuwa ya familia sita: mbili chini, mbili katikati, mbili juu. Sisi tulikuwa chini. Dada huyo, muuguzi mkunga wa zahanati ya shirika, alikuwa juu ya vichwa vyetu, na bafu lake lilikuwa sawasawa juu ya chumba cha watoto. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi. Mumewe alimwacha baada ya miaka saba bila mtoto, na tangu hapo alikaa peke yake na redio yake na kuku wawili. Mume wangu alikuwa fundi umeme wa shirika. Mimi nilikuwa mpiga chapa ofisini, nikipiga barua za meneja kwa karatasi tatu na kaboni mbili.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita. Sabuni ilikatwa vipande, sukari ilikuwa ya foleni, na maji yalifunguliwa kwa muda wa saa mbili tu kila siku. Tulipanga ndoo uani tangu alfajiri, kila mtu akijua ya kwake kwa kitambaa alichofunga mkononi mwa ndoo. Na ng'ambo ya ua wa michongoma, hatua thelathini kutoka kwenye foleni hiyo, palikuwa na nyumba ya meneja, na meneja alipenda ukoka. Alikuwa ameuotesha mbele ya nyumba mpaka barabarani, na mawaridi pembeni. Kilichomsumbua yeye si ndoo. Kilichomsumbua ni kwamba mtu wa kushika mpira wa maji alikuwa akichelewa kuja kazini, na jua likiwaka ukoka ulikuwa unageuka rangi.

Shirika lilikuwa na kitalu cha miche. Wataalamu wa kigeni waliokisimamia walipoondoka waliacha stoo sanduku la chuma la rangi ya kijani, ukubwa wa begi la shule. Ndani mlikuwa na saa yenye vijiti vidogo kuzunguka uso wake, transfoma, na nyaya za rangi nyingi. Ukichomeka kijiti kwenye saa unayotaka, wakati ukifika sanduku lilipeleka umeme mdogo kwenye koki iliyofukiwa ardhini. Koki ikafunguka yenyewe, vinyunyizio vikaanza kuzunguka. Muda ukiisha umeme ulikatika na koki ikajifunga, pa, mara moja. Lakini sanduku lilikuwa limekufa. Meneja akamwita mume wangu ofisini, mimi nikiwa kwenye taipu yangu pale mlangoni, akamwambia, "Ndugu fundi, ukilifufua hili nitajua una kichwa."

Kichwa alikuwa nacho, hilo simnyimi hata leo. Alilileta nyumbani akalifungua juu ya meza ya chakula, na wiki tatu tulikula sakafuni. Nyumba ilinuka moshi wa lehemu. Alitoa transista kwenye redio mbovu, akatoa waya kwenye mota ya feni iliyoungua, akaizungusha transfoma upya kwa mkono huku akihesabu mizunguko kwa sauti, nami nimekatazwa kusema neno asije akapoteza hesabu. Siku lilipolia ta na taa ya majaribio ikawaka, alinishika mikono miwili akacheka kama mtoto. Nilijivuna. Nilikwenda kumwambia dada juu, naye akashuka kuliangalia, akasema, "Shemeji, wewe ungezaliwa Ulaya ungekuwa tajiri."

Meneja alifurahi. Fundi bomba wa shirika, mzee mmoja mwenyeji wa Mlandizi, akaambiwa achimbe mfereji chini ya michongoma na kuunganisha maji. Sikuuliza bomba la bustani linatokea wapi. Nilichojua ni kwamba meneja alimwambia mume wangu jina lake limeandikwa kwenye orodha ya watakaokwenda kusoma nje. Kuanzia wiki ile, saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni, vinyunyizio vya meneja vilizunguka kwa dakika ishirini. Watoto wa ghorofani walikuwa wakisimama kando ya ua na mikebe kukinga matone yaliyoruka upande wetu.

Miezi miwili baadaye niliona doa kwenye dari la chumba cha watoto. Kwanza lilikuwa kama kiganja. Kisha lipu ikavimba kama jipu, ikapasuka, na asubuhi moja nilimkuta mtoto wangu wa pili, wa miezi minane, amelala kwenye godoro la sufi lililolowa upande mzima, nywele zake zikidondosha maji. Nilipanda juu.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona hivyo?"

"Maji ya bafuni kwako yanashuka kwa watoto."

Alishuka nami wakati huohuo. Alipoona godoro alijipiga mapaja. Alimvua mtoto, akamkausha kwa kanga aliyojitanda, akasema kuanzia siku hiyo ataogea kwenye beseni na maji machafu atayamwaga uani. Na kweli alifanya. Nilimwona akishuka na beseni lake kila asubuhi, ngazi ishirini na mbili, kabla ya kwenda zamu. Fundi bomba akaja akavunja sakafu ya bafu lake, akatazama, akaziba kwa saruji. Maji yakakoma wiki mbili. Kisha yakarudi.

Ikawa ndiyo desturi. Fundi akiziba, tunapumua wiki mbili tatu. Kisha lipu inavimba tena. Ukungu mweusi ulipanda ukutani. Godoro nililianika mpaka sufi ikashikana madonge. Mtoto akaanza kukohoa, kikohozi kile cha kifuani ambacho ukikisikia unashindwa kula. Na mimi nilianza kuchunguza. Nilikuwa nalala chumba cha watoto, nasikiliza. Saa kumi na moja alfajiri nilisikia kandambili za dada juu, nikasikia beseni likiwekwa sakafuni, na muda mfupi baadaye ukuta ukapiga kishindo, du, na dari likaanza kudondosha. Kila siku vivyo hivyo. Nilimuuliza mume wangu kile kishindo ni cha nini. Akasema, "Bomba linapumua." Alisema bila kunitazama, lakini wakati ule sikuwa mtu wa kuangalia macho ya mume.

Nikapanda tena juu. Safari hiyo sikumwamkia.

"Dada, unaoga bafuni."

"Naoga kwenye beseni. Kwa kopo, mdogo wangu. Njoo uangalie sakafu, ni kavu."

"Maji yanaanza wewe ukiamka."

"Basi sijui."

Neno hilo, sijui, lilinichoma. Niliona ananidharau. Ukishaanza kumshuku mtu, kila alichokutendea kinageuka. Uji aliouleta ukawa wa kujionyesha, kumwogesha mtoto kukawa kujipendekeza. Wenzangu wa ghorofani walinisikiliza tukiwa kwenye foleni ya ndoo na kila mmoja aliongeza lake. Mmoja alisema wauguzi wanajisikia. Mwingine alisema mwanamke anayekaa peke yake lazima ana mambo yake. Niliwasikiliza wote. Nilikuwa nimechoka, mtoto anakohoa, na nilitaka mtu wa kumchukia aliye karibu.

Siku niliyouvunja udugu wetu ilikuwa Jumamosi mchana. Dari lilikuwa limeangusha kipande kizima cha lipu, ukubwa wa sinia, juu ya mto wa mtoto. Kwa bahati alikuwa mgongoni kwangu. Nilikutana na dada kwenye ngazi anatoka kazini, bado na sare yake nyeupe, nikamshikia kipande cha lipu usoni. Majirani walitoka milangoni. Alisema, "Mdogo wangu, tuliza moyo, twende kwa fundi pamoja." Nikamjibu mbele ya watu wote, "Asiyezaa hawezi kujua uchungu wa mtoto."

Alipanda ngazi moja moja, akifungua vifungo vya sare kama mtu anayesikia joto, akaingia kwake akafunga mlango. Majirani nao walirudi ndani, mmoja mmoja, na nikabaki na kile kipande mkononi.

Jumatatu nilipeleka malalamiko ofisini. Niliyapiga chapa mwenyewe, wakati wa chakula cha mchana. Kikao kikaitishwa kwenye bwalo: afisa utumishi, balozi wa nyumba kumi, wakazi wa ghorofa, na meneja aliyekaa pembeni kama mtu asiyehusika. Nilisimama nikasema yote, saa za alfajiri, kandambili, beseni, kikohozi cha mtoto. Nilisema vizuri. Watu waliguna. Afisa utumishi akatumia maneno yaliyokuwa yanatumika siku zile: uzembe, ubadhirifu wa maji, uharibifu wa mali ya umma. Akamuuliza dada kama ana la kusema.

Alisimama. Hakunitazama mimi, alimtazama mume wangu aliyekuwa amekaa karibu nami.

"Shemeji, wewe ni fundi," alisema. "Umeishi chini yangu miaka mitano. Sema unachojua."

Mume wangu alikuwa anakwaruza kucha yake kwa kucha nyingine. Akasema, "Mimi ni fundi umeme, si fundi bomba."

Watu wachache walicheka. Fundi bomba mwenyewe hakuwapo. Siku ile alikuwa ametumwa Chalinze. Dada akakaa.

Uamuzi ulikuwa ahame nyumba na ahamishwe kazi, kwenye zahanati ya shamba la mikorosho la shirika, Kisarawe ndani, kupita kwetu Mzenga. Barua ya uhamisho niliipiga mimi. Nakala tatu. Nakumbuka nilikosea jina la cheo chake nikalazimika kuanza upya, na nilikasirikia karatasi iliyopotea. Aliondoka na lori la shirika Ijumaa, kitanda kimoja, redio, sanduku la bati, na kuku wake miguu imefungwa. Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa amekwisha kujua kusema, alimpungia mkono. Nilimvuta ndani.

Nyumba yake ilifungwa na ufunguo ukakaa ofisini. Fundi akaziba dari letu, nikapaka chokaa, nikashona godoro jipya. Nilisema sasa watoto watalala. Baada ya wiki tatu nilisikia kishindo cha alfajiri, du, na tone likaanguka kwenye chandarua.

Nilijiambia ni maji yaliyobaki kwenye zege. Mtu hujidanganya kwa jambo lolote akitaka. Lakini yaliendelea, mwezi mzima, na juu hapakuwa na mtu wala kandambili.

Kisha sanduku la meneja likafa. Mjusi kafiri aliingia ndani kutafuta joto, akabanwa kwenye relei, ile swichi ya ndani inayojiwasha yenyewe, akaungua pamoja nayo. Mume wangu alikwenda Dar kutafuta kipuri na hakukipata upesi. Alikaa kwa ndugu yake wiki mbili akizunguka madukani. Wiki mbili zile ukoka wa meneja ulikauka, ukuta wetu haukupiga kishindo hata mara moja, na dari likakauka mpaka nikaligusa kwa kiganja likawa na vumbi. Aliporudi alilitengeneza mezani, akilipuliza na kulifuta kwa pamba, mwenye furaha. Jioni akalifunga mahali pake. Alfajiri, du. Na tone.

Nilimsubiri aende kazini, nikambeba mtoto mgongoni, nikamfuata fundi bomba kwenye karakana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Maji ya nyumbani kwangu yanatoka wapi?"

Alikuwa anakata uzi wa skrubu kwenye ncha ya bomba. Aliacha, akanitazama, akasema, "Mumeo hakukwambia?"

Akaniambia yeye. Bomba la bustani lingetakiwa kuchukuliwa kwenye bomba kuu la barabarani. Meneja alikataa kwa sababu kule maji yalikuwa ya zamu. Akaamuru lichukuliwe kwenye bomba linalopita ndani ya ukuta wetu kupandisha maji kwenye tangi la juu, maana hilo lilikuwa na nguvu ya pampu. Kila koki ya sanduku ilipojifunga ghafla, maji yaliyokuwa yanakimbia yalikosa pa kwenda, yakarudi na kulipiga bomba la ukutani. Pigo moja alfajiri, moja jioni. Kiungo kilichokuwa ndani ya zege, chini ya bafu la dada, kilikuwa kinalegea kila siku. Kukiziba kwa saruji ilikuwa kama kumfunga bandeji mtu anayeendelea kupigwa.

"Nilimwonyesha mumeo," alisema. "Tulipanda pamoja, nikachimbua, akaweka kidole chake kwenye kiungo mwenyewe. Siku nne kabla ya kikao. Akasema atamweleza meneja. Kesho yake nikapangiwa safari ya Chalinze."

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kiti mpaka aliporudi mchana kula. Sikuwa nimepika. Nilimuuliza kama ni kweli aliweka kidole.

Alinawa mikono kwanza. "Ni kweli," alisema.

"Ukakaa pale, ukanisikiliza nikimmaliza mtu."

"Nilimwambia meneja. Akasema nichague, bustani yake au safari yangu. Ningefanyaje? Ningesema, tungehamishwa sisi. Wewe ungekwenda kuishi kwenye mikorosho?"

"Kwetu ni kwenye mikorosho."

"Nilifanya kwa ajili yenu," alisema. Akaongeza, "Na wewe si ulimtukana kabla ya kikao? Hilo nalo nilikutuma mimi?"

Nimeishi na mwanamume huyu miaka mingi baada ya siku ile, na maneno mengi aliyonitupia nimeyasahau. Hilo sijalisahau, kwa sababu lilikuwa kweli.

Nilikwenda kwa meneja. Nilidhani akijua kwamba najua, ataona haya. Aliniacha nikaongea mpaka mwisho. Kisha akafungua kabati, akatoa faili la kikao, akaligeuza upande wangu.

"Mama, haya maneno ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na aliyepiga chapa?"

"Ni mimi."

"Basi rudi kazini."

Nikarudi kwenye taipu yangu. Ningeweza kusema niliacha kazi, au nilikwenda wilayani, au nilikata nyaya za lile sanduku kwa kisu cha jikoni. Nililiwaza la kisu. Mchana mmoja nilisimama kwenye ua wa michongoma nikiwa nacho. Lakini nilikuwa na watoto wawili, na nyumba ilikuwa ya shirika. Miezi minne baadaye mume wangu alipanda ndege kwenda kusoma. Wiki chache tu baada ya yeye kuondoka, sanduku likaharibika tena, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kulitengeneza, likaachwa. Ukoka ukafa. Maji ya ukutani yakakoma, bila mtu yeyote kusema kosa lilikuwa la nani.

Hapo ndipo nilipokwenda Kisarawe. Nilipata lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu kutoka Mlandizi, likanishusha Mzenga, nikawaacha watoto kwa mama, na kesho yake nikatembea saa mbili mpaka kwenye shamba la mikorosho. Zahanati ilikuwa nyumba ya udongo iliyoezekwa bati, na nje wamekaa wanawake kama ishirini na watoto. Nilijipenyeza mpaka mlangoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Alikuwa anaandika. "Cheti."

"Sina cheti. Sikuja kutibiwa."

Hapo aliinua kichwa. Alikuwa amekonda, na sare yake ilikuwa imegeuka rangi ya udongo kwa maji ya kule. "Basi subiri," alisema. "Hawa wamekuja kutibiwa."

Nilisubiri mpaka wa mwisho akaondoka. Kisha nilimweleza yote, sanduku, bomba, kidole cha mume wangu, faili la meneja. Aliendelea kuchemsha sindano kwenye sufuria.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mimi nilikuwa naoga kwa kopo moja. Kopo moja, mdogo wangu. Ulidhani nilikuwa nasubiri mtu aje huku kuniambia kwamba sikuwa mimi?"

"Nimekuja kukuomba radhi, dada."

Aliopoa sindano moja moja kwa koleo, akazipanga kwenye kitambaa. "Ya maji nimesamehe," alisema. "Nilikuwa nimesamehe zamani. Mwanao alikuwa analowa, na mtu mwenye mtoto anayelowa hana akili. Lakini kuna neno ulilosema kwenye ngazi, watu wamesimama. Hilo halikutoka ukutani. Hilo ulikuwa nalo, ulilitunza. Hata nilipokuwa nakushikia mtoto ulikuwa nalo. Hilo usiniombe."

Nilianza kulia. Hakuninyamazisha wala hakunifukuza. Aliniuliza kifua cha mtoto kinaendeleaje. Nikamwambia bado kinasumbua msimu wa baridi. Akaniandikia dawa kwenye kipande cha karatasi, akanieleza mara mbili namna ya kuipima, akaniambia nitoke kabla jua halijazidi, njia ile haina kivuli.

Mama nilimsimulia nilipofika. Alinisikiliza akimenya muhogo. Wiki iliyofuata, nami nimekwisha rudi Kibaha, alijitwika kapu la muhogo na jogoo mmoja akaenda mwenyewe kwenye zahanati. Sijui walizungumza nini. Tangu hapo mama hakutibiwa na mtu mwingine. Kila niliyekutana naye kutoka kijijini alinipa habari zao: mama yako kalala kwa nesi, nesi kaja kwa mama yako sikukuu ya Iddi, wamelima pamoja kishamba cha mbaazi. Nilipokwenda Mzenga, dada hakuja. Nilipoondoka, alikuja.

Mume wangu alirudi baada ya mwaka na nusu, na cheti, na koti. Akapandishwa kuwa mkuu wa karakana. Meneja alikuwa amekwisha hamishiwa shirika lingine kubwa zaidi. Tulipata kiwanja mtaa wa Picha ya Ndege, hapohapo Kibaha, tukajenga, watoto wakakua. Jambo lile hatukulizungumza tena. Watu walituona mke na mume wanaoheshimiana, na ni kweli tuliheshimiana; tuliongea kama watu wa ofisi moja.

Mama alifariki wakati wa mvua za masika. Tulipofika Mzenga asubuhi, maiti ilikuwa imekwisha oshwa. Niliuliza nani kamwosha, maana mimi ndiye binti yake na ningependa kumshika mara ya mwisho. Shangazi yangu akasema, "Nesi. Mama yako aliusia."

Alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, ushungi mweupe, tasbihi mkononi. Nilipopita nikitoa mkono kwa kila mmoja, alinipa wake kama walivyonipa wengine, akasema, "Pole. Mungu akupe subira." Mume wangu alipokuja mlangoni kutoa pole upande wa wanawake, alimwambia yeye pia, "Pole, shemeji." Mume wangu akaitikia akiwa ameinamisha uso, akarudi haraka kwa wanaume.

Baada ya mazishi wali ulipakuliwa. Nilichukua sinia nikataka kumpelekea kwa mikono yangu. Nafasi yake kwenye mkeka ilikuwa tupu. Walisema ameondoka zamani, ana mzazi anayemsubiri kule shambani, uchungu umeanza tangu alfajiri. Nilisimama na lile sinia mpaka shangazi akalichukua, akawawekea watoto.

Sikumwona tena.